Tumesoma, tumehamia mjini, na sahani zetu zimebadilika

Watu wanapenda kusema kwamba aliyesoma anakula vizuri. Yaani ukishakuwa na cheti chako basi mboga utazijua, matunda utanunua, soda utaacha, na yule aliyeishia darasa la saba ndo atabaki na ugali mkubwa na kachumvi juu. Mimi hii habari nimeifuatilia muda mrefu, kwa kusoma tafiti na kwa kuwaangalia watu wangu wa karibu, na ninachokiona ni kwamba huku kwetu elimu inambadilishia mtu mzima sahani mara mbili. Mara ya kwanza inamharibia. Mara ya pili inamrudishia, ila kufika hiyo mara ya pili sio wote wanafika, na wengi wanaofika wanakuwa wameshachelewa kidogo, wako na kadi ya kliniki mkononi.

Ngoja nieleze.

Mtoto wa kijijini Kilosa au Mvomero akisoma akafaulu, shule inampeleka mbali na shamba. Anamaliza chuo, anapata kazi Dar au Dodoma, anakaa kwenye kiti kuanzia saa mbili asubuhi, anapanda daladala au bodaboda, na mfukoni kwa mara ya kwanza kuna hela ya kununua kile alichokuwa anakitamani. Na anachokitamani sio mlenda. Ni chipsi mayai, ni kuku wa kukaanga, ni soda ya baridi, ni chapati mbili na supu asubuhi, weekend nyama choma. Simlaumu hata kidogo, ni hamu ya mtu aliyekua kwenye uhaba, lakini ukiangalia ubora wa mlo wake, maana yake aina ngapi za vyakula, mboga kiasi gani, matunda, kunde, na kwa upande mwingine chumvi, sukari na mafuta, utakuta mama yake kule kijijini aliyeishia darasa la nne anakula vizuri kumzidi kwa vitu vingi, japo nyama anaionea sikukuu.

Takwimu za nchi zinaelekea hukohuko. Kwenye tafiti za afya na idadi ya watu za Tanzania, wanawake wa miaka 15 mpaka 49 wenye uzito uliozidi au unene walikuwa asilimia 18 mwaka 2004-05, wakafika asilimia 28 mwaka 2015-16, na 2022 wakawa asilimia 36. Kenya wako mbele yetu, asilimia 33 mwaka 2014 na asilimia 45 mwaka 2022. Na unene huu kwetu umejaa zaidi mjini na kwenye kaya zenye uwezo, ambako ndiko waliosoma wengi wanakoishi. Kwahiyo yule anayeniambia "tatizo ni watu hawajasoma" huwa namuuliza mbona wanaonenepa zaidi ni sisi tuliosoma?

Halafu utafiti wa 2012 wa magonjwa yasiyoambukiza Tanzania ulikuta karibu watu wazima wote, kama asilimia 97, hawafikishi vipimo vitano vya matunda na mboga kwa siku ambavyo Shirika la Afya Duniani linashauri, yaani gramu 400. Asilimia 97! Hapo ndani kuna maprofesa, kuna wakulima, kuna mimi na wewe. Nchi ambayo embe msimu ukifika zinaoza chini ya mti.

Lakini mji wenyewe sio mbaya kwa kila kitu, na hili lazima niliseme kwasababu watu wanapenda hadithi ya kijiji kizuri mji mbaya. Kuna utafiti ninaoupenda sana, ulichapishwa 2010, walifuata watu kama 200 hivi waliokuwa wanahama kutoka vijiji vya Morogoro kuja Dar es Salaam, wakawapima kabla hawajahama na wakawafuata hukuhuku mjini mpaka mwaka ukaisha. Uzito uliongezeka kwa wastani wa kilo 2.3 hivi, wanaume kwa wanawake. Kazi za nguvu zikashuka vibaya sana, wanaume waliokuwa wanafanya kazi za kutoa jasho walikuwa karibu wanane kwa kila kumi kule kijijini, mjini wakabaki chini ya watatu. Nyama nyekundu ikapanda. Ila matunda na mboga mbichi navyo vikapanda! Kwasababu mjini kuna genge kila kona, kuna nanasi limekatwa kwenye mkokoteni, kuna mchicha mwaka mzima. Kwahiyo mji unakupa vyote kwa pamoja, kizuri na kibaya, na utakachobeba wewe inategemea hela, muda, na unachokijua. Elimu inaingilia hapo kwenye vyote vitatu, na haivuti upande mmoja.

Sasa shule yenyewe. Hili sioni watu wakiliongelea na mimi naona ni kubwa. Waliosoma bodi wanajua, miaka minne mpaka sita ya ugali na maharage, maharage na ugali, wali Jumapili ukibahatika, tunda huoni mpaka likizo. Maharage ni chakula kizuri mno, protini ipo, nyuzinyuzi zipo, madini ya chuma yapo, bei yake nafuu. Lakini shule ilivyoyapika, na wadudu wake na maji mengi, imezalisha maelfu ya watu wazima wenye digrii ambao wameapa hawatakula maharage tena maishani. Nina rafiki mhasibu, akiona maharage kwenye buffet anapita kama hajayaona, anakwambia nilikula ya kutosha Form One mpaka Form Six. Yaani miaka ile ile iliyompa elimu ndo imemchukiza chakula ambacho mtaalamu yeyote wa lishe atamwambia akirudie. Darasani tulikuwa tunakariri makundi matano ya vyakula kwenye Sayansi Kimu, nafaka na mizizi, kunde na vyakula vya wanyama, mboga, matunda, halafu sukari na mafuta, tunapata alama zetu nzuri, kengele ikilia tunaenda kula kundi moja na nusu.

Kisha kazini. Mtu aliyesoma anakula semina jamani. Chai ya saa nne ina sambusa, maandazi, soseji, mayai, chai ya maziwa yenye sukari, mchana buffet ya pilau na wali na chipsi na ndizi za nyama vyote kwenye sahani moja, soda mbili, jioni mnapewa tena vitafunwa kabla ya posho. Kwenye meza ya mwisho kabisa kuna bakuli la tikitimaji ambalo watu wanafika wameshashiba. Nimekaa kwenye semina za afya zenye menyu hiyohiyo. Fundi ujenzi wa pale nje anakula ugali, dagaa na matembele kwa mama ntilie, na hana habari kwamba mlo wake unamshinda yule mwenye laptop.

Na kuna kitambi. Kwetu kitambi kilikuwa barua ya utambulisho, kwamba huyu mambo yake safi. Mwanamke akinenepa baada ya kuolewa wanasema mume anamtunza. Na kupungua ikawa balaa, hasa miaka ya tisini ambapo ukikonda tu mtaa mzima wanakuambukiza UKIMWI kwa midomo yao, watu walikuwa wanaogopa kupungua hata kilo mbili. Mtu aliyekuwa kijana miaka ile sasa hivi yuko kwenye hamsini, ukimwambia punguza uzito kuna sehemu ndani yake inakataa, na mimi naielewa. Hii haifutiki kwa cheti.

Mara ya pili sasa. Elimu inaanza kulinda lini?

Nikiangalia ukoo wetu, watu wazima waliobadilisha ulaji kweli kweli walibadilisha baada ya daktari kusema neno. Presha au sukari. Na hapo ndo nimeona tofauti ya elimu ikijitokeza wazi kuliko sehemu nyingine yoyote. Kaka yangu mkubwa ana masters, alipoambiwa sukari yake imepanda alimuuliza daktari maswali nusu saa nzima, akarudi nyumbani akasoma, akanunua kipimo cha kidole, akaanza kuandika alichokula na namba iliyotoka, ndani ya miezi michache chai yake haina sukari, ugali umekuwa nusu ya ule aliokuwa anakula zamani, mboga imekuwa robo tatu ya sahani, na mkewe kabadilisha jiko zima. Mama mdogo wetu, aliyeishia la saba, alipata ugonjwa uleule. Yeye kliniki alipewa dakika tatu na karatasi. Akaambiwa "usile vitu vya sukari". Akaacha sukari kwenye chai, akaacha na matunda yote kwasababu matunda ni matamu, akaendelea na sembe mlima kwasababu sembe sio tamu. Hakuna aliyemwambia kwamba ule ugali mweupe ukifika tumboni unageuka sukari. Mama mdogo ana akili kunizidi, anaendesha biashara ya mchele mikoa miwili bila daftari, hesabu zote kichwani. Kilichomkosa ni mtu wa kumweleza kwa lugha yake na kwa muda wa kutosha, na kile kiburi kizuri ambacho shule inakupa cha kumwambia daktari samahani sijaelewa, rudia.

Ndo maana nasema elimu kwenye chakula haifanyi kazi kwa kukupa makundi matano. Inakupa uthubutu wa kuuliza, inakupa uwezo wa kutafuta mwenyewe, na inakupa marafiki ambao nao wanauliza. Ukiwa kwenye group la watu waliosoma, mmoja akianza kutembea jioni na kula dona, baada ya muda wote mnaongea dona.

Na dona yenyewe angalia safari yake. Zamani dona ilikuwa unga wa kijijini, wa shida, na aliyesoma akipata kazi anahamia sembe, nyeupe kama karatasi, imekobolewa ikaoshwa. Kukoboa kunaondoa pumba na kile kiini cha mahindi, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi, vitamini za kundi B na madini mengi. Leo dona iko supermarket kwenye pakiti nzuri na anayeinunua ni mwenye digrii, wakati kijana wa machinga anataka sembe. Mboga za asili hivyo hivyo, mnafu, mgagani, kule Nairobi managu na terere, zilikuwa za bibi, sasa ziko hotelini. Chakula kilekile kimepanda na kushuka ngazi kwa watu haohao ndani ya maisha yangu.

Wenzetu waliotangulia wameshapita humu na ni vizuri kuangalia wameishia wapi. Brazil, watafiti akina Carlos Monteiro walionyesha kwamba kwenye majimbo yaliyoendelea zaidi mwanamke mwenye elimu ndogo ndiye aliyekuwa kwenye hatari zaidi ya unene, wakati kwenye majimbo maskini hela bado ilikuwa inaenda na unene kama kwetu. Maana yake ule mzigo unahama. Unaanza kwa wenye nazo, halafu wenye elimu wanashtuka na kujitoa, unabaki kwa wasio nayo. Marekani ndo hatua ya mbele zaidi. Kuna utafiti wa 1999 mpaka 2010, watu wazima zaidi ya elfu 29, mlo ukapewa alama hadi 110. Wastani ukapanda kutoka 39.9 hadi 46.8, sio alama ya kujivunia lakini imepanda. Ila ukigawa watu kwa elimu na kipato, pengo kati ya wa juu na wa chini lilikuwa alama 3.9 mwanzoni, mwishoni likawa 7.8. Yaani taifa limeboresha mlo na pengo limeongezeka mara mbili, vyote kwa pamoja! Wale waliokuwa na elimu na hela walizichukua habari za lishe mapema na kukimbia nazo.

Na kuna kitu kingine humo ambacho mimi kimenigusa zaidi. Zaidi ya nusu ya yale maboresho yote yalitokana na kitu kimoja, kupungua kwa yale mafuta ya mimea yanayogandishwa kiwandani, yale yanayopandisha kolesteroli mbaya na kushusha nzuri. Na yalipungua kwasababu serikali yao iliwalazimisha wenye viwanda kuyaandika kwenye lebo kuanzia 2006, jiji la New York likayapiga marufuku migahawani, viwanda vikaona aibu vikabadilisha mapishi. Mtu ambaye hakumaliza shule alikula biskuti ileile aliyoizoea na biskuti ikawa nafuu kwa moyo wake bila yeye kusoma chochote. Nikilisoma hili huwa najiuliza kwanini sisi kila siku tunasema "elimu kwa jamii, elimu kwa jamii" kana kwamba jamii ndo inatengeneza mafuta.

Lebo zetu basi! Chukua pakiti ya biskuti au kopo la siagi ya kupaka pale dukani kwa Mangi, geuza nyuma. Mara nyingi ni Kiingereza, herufi ndogo kama mchanga. Nchi inafundisha msingi kwa Kiswahili, watu wengi elimu yao inaishia kwenye Kiswahili, halafu habari ya chumvi na sukari iliyomo ndani ya chakula chao inaandikwa kwa lugha ya sekondari na chuo. Hapo tumeamua wenyewe kwamba anayestahili kujua anachokula ni aliyesoma. Na yule anayenunua mafuta ya kupima, ya kumiminiwa kwenye chupa ya maji, lebo hiyo haioni kabisa. Mimi hili linaniuma kweli.

Tena nchi hii ilishawahi kufanya vizuri zaidi. Nyerere alitangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, wakati huo watu wazima wasiojua kusoma walikuwa kama asilimia 67 kwa sensa ya 1967, mpaka 1975 wakashuka hadi asilimia 39. Ndani ya kipindi hicho kukaja kampeni za redio. Mtu ni Afya mwaka 1973, watu kama milioni mbili walikaa kwenye vikundi vijijini, wanasikiliza kipindi, anayejua kusoma anawasomea wenzake kijitabu, wanajadili, halafu wanakubaliana la kufanya, vyoo vikachimbwa nchi nzima. Halafu 1975 ikaja Chakula ni Uhai, ya chakula na lishe, kwa mtindo uleule, na ilikuja watu wametoka kwenye ukame na njaa kwahiyo haikuwa mada ya kinadharia. Mjomba wangu alikuwa kiongozi wa kikundi kimoja, mpaka leo anakumbuka walivyokuwa wanabishana kuhusu mayai kwa mama mjamzito, maana wazee walikuwa wanayakataza. Hakuna aliyekuwa na digrii pale chini ya mwembe. Walikuwa na redio, Kiswahili, na muda wa kubishana, na ubishi ule ndo uliobadilisha majiko.

Sasa mtu ataniambia siku hizi kuna Instagram, wataalamu wa lishe wamejaa. Wamejaa kweli, na wapo wazuri, ila angalia wanachopika, parachichi na samaki wa kutoka nje na mafuta ya zeituni na unga wa lozi, mtu wa Mbagala anaangalia anafunga simu. Mwaka 2022 watu zaidi ya bilioni 2.8 duniani hawakumudu gharama ya mlo bora kwa hesabu za mashirika ya Umoja wa Mataifa, na wengi wa Tanzania wamo humo. Kwahiyo somo la lishe lisiloanza na bei mimi silihesabu kama somo. Dagaa, maharage, choroko, mbaazi, mchicha, matembele, kisamvu, papai, ndizi, karanga, dona, mlo bora upo humo na nusu yake inapatikana gengeni kwa hela ndogo, kinachotakiwa ni mtu aseme hivyo kwa sauti, tena mtu anayeheshimika. Mwongozo wa kitaifa wa chakula upo tangu 2023, na Taasisi ya Chakula na Lishe ipo tangu 1973, natamani huo mwongozo uingie kwenye redio za mikoa kila wiki kama zamani, na vikundi viwepo.

Vikundi vyenyewe tayari vipo, vinaitwa vikoba. Kikoba cha dada yangu kule Morogoro wako kina mama mchanganyiko, mwalimu mmoja, nesi mmoja mstaafu, wengine wote la saba au chini ya hapo. Yule nesi kila wakikutana kuweka hisa anachukua kama robo saa anaongelea chakula, na hawaachii hewani, wanamuuliza, wanambishia, wanaleta na maswali ya waume zao wenye presha. Walianza na chumvi, waache kuongeza mezani. Wakaja kwenye mafuta, chupa ya lita moja ikae siku ngapi kwenye nyumba ya watu sita, kila mtu akasema ya kwake, kukawa na kelele siku hiyo. Kisha wakakubaliana dona, na hapo wanaume wakagoma, wakasema hatuli unga wa jela, kwahiyo wakawa wanachanganya, nusu sembe nusu dona, kila mwezi wanaongeza kidogo bila kusema. Dada yangu anasema shemeji amefika kwenye dona tupu na hajawahi kulalamika. Mama mdogo na yeye wamemuingiza kwenye hicho kikoba, amerudi kula papai, na ugali ameupunguza baada ya yule nesi kukaa naye na kumchorea sahani kwenye karatasi. Mwenye mashine ya kusaga pale jirani ameona wateja wa dona wamekuwa wengi, ameanza kuifunga kilo mbili mbili, na bei ameiweka chini ya sembe kwasababu haipiti kwenye kukoboa.